Mnamcheka Mwili, Kumbe Tatizo ni Springi

Wadau, hebu tuongee ukweli. Yule dada wa Bongo Movie, mkazi wa Kinondoni (mnamjua, jina sitaji), kapost video yuko juu ya baiskeli ya milimani, ile yenye shokapu nyuma. Kukaa tu, nyuma ikazama pwaa! Komenti zikamiminika: "kibonge", "ionee huruma baiskeli", "punguza wali". Watu wakacheka mpaka basi.

Mimi nasema mmegonga mlango usio wenyewe. Pale hakuna mwili uliokosea, kuna springi isiyo saizi yake.

Baiskeli ya mtumba inakuja na springi aliyochaguliwa mwenye nayo wa kwanza. Kama jamaa alikuwa na kilo 60 na wewe una 80, lazima izame. Angalia namba zilizoandikwa kwenye springi, mfano 350 x 2.8. Hiyo 350 ni paundi za kuibonyeza inchi moja. Hiyo 2.8 ni inchi inazoweza kubonyea, na zisipungue zile za shokapu yako, la sivyo mapindo ya chuma yatagongana.

Sasa hesabu. Mtu wa kilo 80, tairi la nyuma linabeba kama asilimia 65, yaani kilo 52. Tairi likiwa linapanda milimita 160 na shokapu inabonyea 60, mzigo kwenye springi unazidi mara 2.67 hivi: karibu kilo 139, sawa na paundi 306. Ukikaa inatakiwa ibonyee kama asilimia 30, yaani milimita 18. Jibu linakuja 430 hivi, chukua 425 au 450. Mwenye kilo 60 kwenye baiskeli hiyo hiyo, 325 inamtosha.

Umeona? Uzito ni namba tu ya kumpa fundi, kama saizi ya kiatu. Nani anamcheka mtu kwa kuvaa namba 42?

Na kuna wale wa "kaza ringi tu, itakaa sawa". Haikai! Ringi inainua baiskeli kidogo, ugumu wa springi unabaki ule ule. Ukishapita mizunguko miwili na bado inazama, badilisha springi. Ukilazimisha, teremka vilima vya Pugu uone pedali inavyogonga mawe. Hapo ni meno yako hatarini.

Halafu kuna msanii mmoja wa Temeke, kachukua springi nyekundu kwa sababu inamechi na raba zake. Mwembamba vile, kajifungia chuma kigumu, kila shimo linamrusha kama gunia. Yeye mbona hakuchekwa? Kosa ni lile lile, springi haimfai. Ila yeye mwembamba, basi mkampa makopakopa.

Hicho ndicho kinachonikera. Mtu ameamua kufanya mazoezi, sisi tunamtoa barabarani kwa matusi. Kesho akiifungia baiskeli stoo kwa aibu, tumepata nini? Fundi anayejua kazi yake hamwambii mteja apungue kwanza. Anamuuliza kilo ngapi, anafunga springi, maisha yanaendelea.

Dada, panda baiskeli yako. Na nyie wa "punguza wali", baiskeli zenu zina springi namba ngapi? Shukeni na komenti.