Fomu isiyo na nafasi ya bibi

Najua nimepotea muda mrefu, lakini TP imeisha na nimerudi Mlimani salama. Kabla boom halijaingia likanisahaulisha, naomba niseme hili moja linalonikera.

Nilipangiwa Mkumbara, wilaya ya Korogwe. Ukishapita Mombo unaelekea Same, milima ya Usambara ikiwa kulia kwako, ndio hapo. Kwa kuwa nilionekana najua kompyuta (yaani nilikuwa na laptop), nikapewa kazi ya kuingiza majina na simu za wazazi wa kidato cha pili kwenye Outlook, ili mwalimu wa zamu akimtaka mzazi asihangaike na daftari lililochanika. Wanafunzi 43. Nikasema hii kazi ya jioni moja tu.

Sasa bwana, mliowahi kuifungua ile fomu ya mawasiliano mnaijua. Inataka jina, kampuni na cheo. Inataka simu ya kazini, ya nyumbani, ya mkononi na faksi ya kazini. Ukienda ukurasa unaofuata inataka jina la meneja na jina la msaidizi. Jamani, mama anayeuza vitunguu pembeni ya lami, msaidizi wake nani? Nikacheka, nikaviacha vile visanduku wazi, nikaendelea.

Kwenye daftari, mstari wa kijana mmoja ulikuwa umeandikwa hivi: baba yuko Dar, mtoto anaishi na bibi, piga kwa jirani akamwite. Kwenye fomu sikuona pa kumweka bibi wala jirani. Nikaweka jina la baba na simu ya baba, basi.

Wiki mbili baadaye kijana huyo huyo akaanguka kwenye mwembe, mkono ukavunjika. Mwalimu wa zamu ni mimi. Nafungua laptop. Kumpata tu ni shughuli, maana nilikuwa nimeacha orodha ijipange kwa jina la mwisho, na kule Usambaani majina ya ukoo yanayoanza na She- ni mengi ajabu, wote wamerundikana kwenye S. Nampata baba, simu haipatikani. Daftari nalo lilishafungiwa stoo. Ikabidi bodaboda atumwe kumfuata bibi huku mtoto analia. Bibi alipofika hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, si niliandikisha namba ya jirani?"

Wadau, sikuwa na jibu. Aliandikisha kweli. Mimi ndiye niliyemfuta, na nilimfuta kwa sababu kompyuta haikuniuliza habari zake.

Hoja yangu ni hii. Fomu yoyote ni maswali ya mtu aliyekaa mahali akamfikiria mtu fulani. Aliyeitunga hii alimfikiria mtu wa ofisini mwenye bosi na katibu muhtasi. Simlaumu, hajawahi kufika Mkumbara. Wa kulaumiwa ni sisi tunaopokea maswali yake kama amri, tukatupa kila kisichoingia kwenye kisanduku. Na tafsiri peke yake haitatuokoa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao chuo chetu kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na mimi naupigia saluti. Lakini hata ukiliita lile neno "msaidizi", bibi bado hana pa kukaa. Lazima maswali yenyewe yabadilike.

Na yanabadilika! Usiku ule ndio nikajua. Kwenye Outlook ya zamani unakiwasha kichupo cha Developer kwenye mipangilio, unafungua mtu mpya, unaigeuza fomu iwe katika hali ya kusanifu. Faksi, meneja na msaidizi nikawatoa. Nikaweka "Anaishi na nani", "Anaitwaje mtaani", "Kitongoji" na "Simu ya jirani". Ukimaliza unaichapisha kwenye folda ya mawasiliano, halafu kwenye sifa za folda unaichagua iwe ndiyo fomu ya kawaida.

Mitego ipo, nisiwadanganye. Wale ulioshawaingiza wanabaki na fomu ya zamani, mimi niliwaandika upya wote 43. Pili, kisanduku ulichokibuni mwenyewe hakitoki ukihamisha orodha kwenda faili la CSV. Dawa yake ni kutumia visanduku ambavyo programu tayari inavyo lakini imevificha, kama ile simu "nyingine", ukaviandikia lebo yako. Tatu, Outlook mpya ya Windows haizikubali kabisa fomu za kubuni. Ile ya zamani Microsoft wamesema wataihudumia hadi angalau 2029. Kwa hiyo chapa karatasi moja, ibandike ofisi ya walimu, sehemu ambayo wageni hawaioni.

Rafiki yangu wa chumba ananiambia kwa nini nisitumie jedwali tu la Excel. Tumia, sigombani na wewe. Ila na jedwali lina vichwa vya safu, na mwandishi wa vichwa hivyo ni wewe. Ukiandika "Baba" na "Mama" halafu basi, umerudia kosa langu.

Wala sisemi tuulize kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, umaskini wa mtu si wa kujazwa kwenye laptop. Uliza kile kitakachokusaidia siku mtoto ameanguka.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kompyuta kwa kujaza vitu vilivyokwishatengenezwa. Natamani angalau kipindi kimoja tufundishwe kuvibomoa na kuvipanga upya. Na ninyi mnaokwenda TP mwakani, mkikabidhiwa kazi kama yangu, someni daftari lote kwanza, ndipo mfungue fomu.

Kijana ameshatolewa hogo, anaandika vizuri. Bibi alinipa embe za kupanda nazo basi. Nilizila kwa aibu kidogo.

Ni hayo tu kwa leo. Maoni yenu nayasubiri, hata ya kunisuta.