KABLA HUJANUNUA KIRIKUU KUUZA SPANA LUSHOTO, PIGA HESABU HII



Kuna swali linajirudia sana kwa vijana wenye mtaji kidogo: "Nikinunua kirikuu, nikaijaza spana, soketi na jeki, nikazunguka gereji zote kuanzia Mombo mpaka Mtae, biashara italipa?"

Nitasema msimamo wangu mapema ili tusipotezeane muda. Soko lipo, tena lipo kweli. Lakini gari lisiwe kitu cha kwanza kununua. Na wengi wanaogopa kona za Soni wakati kinachoua biashara hii ni deni. Anayezunguka na vifaa vya ufundi anageuka mkopeshaji, apende asipende. Asipolijua hilo mapema, mtaji unakata huku gari bado linang'aa.

Soma mpaka mwisho, kuna hesabu ndani.

WAZO LENYEWE LIMETOKA WAPI

Mwaka 1920 huko Milwaukee, Marekani, Joseph Johnson na William Seidemann walianzisha kampuni ambayo leo tunaijua kama Snap-on. Zamani fundi alikuwa anabeba spana nzima kwa kila saizi ya nati. Wao wakaja na mikono 5 na soketi 10 za kuchomeka na kuchomoa. Tano mara kumi, fundi anapata kazi ya spana 50 kwenye boksi dogo.

Baadaye kampuni hiyo, pamoja na nyingine kama Matco na Mac Tools, zikajenga biashara ya magari. Muuzaji anayejitegemea ananunua mzigo kwa kampuni, anaupanga ndani ya gari kama duka, halafu kila wiki anapita gereji zile zile. Fundi anachukua kifaa leo, analipa kidogo kidogo kila wiki gari likipita. Kifaa chenye dhamana kikivunjika, anamsubiri muuzaji aje ambadilishie.

Kwa nini kule inakwenda? Fundi wa kule, hata akiwa ameajiriwa, kwa kawaida vifaa vya mkono anajinunulia mwenyewe, na mshahara wake una tarehe. Gereji ziko jirani jirani. Wiki ijayo muuzaji akirudi, fundi yupo pale pale. Na bado hata kule wapo mafundi wanaoelemewa na madeni ya vifaa, na wapo wauzaji wanaohangaika kukusanya hela zao. Sasa wewe unataka kulipandisha wazo hilo hilo Lushoto. Tuangalie linakutana na nini.

CHANGAMOTO YA KWANZA: HELA YA FUNDI INAFUATA SHAMBA

Huku juu maisha yanaendeshwa na mboga na matunda. Kabichi, karoti, viazi, nyanya, hoho, peasi. Fuso zikipanda Lukozi kuchukua mzigo wa kwenda Dar, bodaboda anapata magunia ya kubeba, pikipiki inachakaa, inapelekwa kwa fundi na fundi analipwa. Bei ya mboga ikianguka, bodaboda huyo huyo anafunga kitu kwa waya na mpira, anasema "nitakuja wiki ijayo". Na wewe ukifika na spana zako, fundi anakwambia hivyo hivyo.

Hakudanganyi. Hana. Kwa hiyo ukimpangia marejesho sawa sawa kila wiki, mwaka mzima, utakuwa unamdai mtu siku ambayo kijiji kizima hakina hela.

CHANGAMOTO YA PILI: MLIMA UNAKULA FAIDA

Mombo mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za lami. Si mbali. Ila ndani ya kilomita hizo unapanda zaidi ya mita 900. Spana ni chuma, soketi ni chuma, jeki ndiyo usiseme. Gari lililojaa chuma linakunywa mafuta kwenye kupanda, na kwenye kushuka linakula breki.

Halafu wateja hawako kwenye lami peke yake. Fundi pikipiki mmoja yuko Mlalo, mwingine Mlola, wawili wako Bumbuli, mwingine ana kijiwe chini ya mti njia panda. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, barabara za udongo zikilowa unaweza kushindwa kufika sehemu uliyokopesha. Siku hiyo mafuta umechoma na marejesho hujapata.

CHANGAMOTO YA TATU: DENI

Hapa ndipo nataka utoe kalamu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako.

Seti ya soketi umeinunua, mpaka inafika Lushoto, kwa 95,000. Unauza 120,000. Faida 25,000. Fundi anakupa 40,000 leo, anaahidi kumalizia 80,000. Wiki mbili baadaye amehamia Dar, simu haipatikani.

Kwenye daftari wengi wanaandika "nadai 80,000". Hesabu ya mtaji inasema hivi: ulitoa 95,000, ukarudishiwa 40,000, shimo ni 55,000. Ili kuziba shimo hilo inabidi uuze seti nyingine tatu kwa hela taslimu, maana mbili zitakupa 50,000 tu. Na hapo hatujagusa mafuta, wala chakula chako cha njiani.

Mtu mmoja tu amekufanyia hivyo. Wakiwa wanne kwa mwezi mmoja, unafanya kazi ya kuziba mashimo. Wazee walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Na kama gari lenyewe umelikopea, mwenye mkopo wako hajali mboga zimeshuka bei au hazijashuka. Yeye anataka rejesho lake tarehe ile ile.

CHANGAMOTO YA NNE: MAANDISHI YAPO, CHUMA HAKIPO

Spana nyingi za Kariakoo zimeandikwa "Chrome Vanadium". Maandishi hayo kila mtu anaweza kuyagonga. Spana laini ikikutana na nati iliyoshika kutu inafunguka mdomo, au inakula kichwa cha nati. Nati ikiliwa, fundi anaweza kutumia saa nzima kuitoa, na mteja wake anaona hajui kazi.

Muuzaji wa dukani Dar hatamuona fundi huyo tena. Wewe unayezunguka utamuona Jumanne ijayo, mbele ya mafundi wenzake. Ukimuuzia kitu kibovu mara moja, kijiwe kizima umekipoteza. Tena bidhaa bandia ni kosa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo, na Tume ya Ushindani, FCC, inakamata mzigo wa aina hiyo. Mzigo ukikamatwa, hakuna wa kukurudishia mtaji.

"SASA SI UNATUKATISHA TAMAA?"

Hapana. Hoja ya wanaotaka kuanza biashara hii ina uzito. Fundi wa Mtae akitaka spana nzuri, anashuka mpaka Lushoto, na akikosa anafika Korogwe au Tanga. Nauli inamtoka na siku nzima ya kazi inapotea. Mara nyingi anaamua kuazima kwa mwenzake au kulazimisha kwa spana malaya. Ukimfikishia kifaa sahihi kijiweni kwake, umemuokolea nauli na siku ya kazi, na yuko tayari kulipia huduma hiyo.

Ninachopinga ni kuanza kwa kulaza mamilioni kwenye gari kabla hujajua mafundi wako ni wangapi, wanatumia nini, na nani analipa. Kwa maoni yangu, anza hivi:

1. Anza na pikipiki na boksi la kufunga. Usibebe duka zima, beba vinavyotoka. Kwa mafundi pikipiki ni spana na soketi namba 8, 10, 12, 14 na 17, bisibisi za nyota na bapa, plaizi, soketi ya plagi. Namba 10 iwe nyingi, maana ndiyo inayopotea kila gereji. Jeki na vifaa vikubwa leta kwa oda tu, na fundi atangulize angalau nusu ya bei.

2. Uza kimoja kimoja. Seti inapendeza machoni, lakini fundi wengi wamepotelewa na namba mbili au tatu tu. Anayekununulia soketi moja kwa hela mkononi ni bora kuliko anayechukua boksi zima kwa ahadi. Ukumbuke Johnson na mikono yake 5: mwenye mkono mzuri tayari, muongezee soketi moja moja kila hela inapopatikana.

3. Ratiba ndiyo duka lako. Chagua njia moja, mfano Soni mpaka Bumbuli, au Magamba, Malindi mpaka Lukozi, na ipite siku ile ile kila wiki. Fuata siku za gulio, maana siku hiyo hela ipo na mafundi wana kazi. Usipotokea wiki mbili bila taarifa, anayedaiwa naye anaona ruhusa ya kutolipa.

4. Anzisha mchezo wa spana. Kina mama wana mchezo wa vyombo miaka yote na unakwenda. Mafundi sita wa eneo moja kila mmoja atoe 20,000 kwa wiki. Jumla 120,000, seti moja. Kila wiki mmoja anachukua seti kwa kura, wiki sita wote wanazo. Wewe unalipwa bei kamili siku unayokabidhi mzigo, kwa hiyo humdai mtu. Wanaofuatiliana ni wao kwa wao, na wanajuana mpaka nyumbani. Hela akusanye fundi mkubwa wanayemheshimu, wewe usiishike. Kipindi mboga hazina bei, mchezo uwe kila baada ya wiki mbili.

5. Ukilazimika kukopesha, weka mpaka. Kifaa kimoja kwa mtu mmoja, na asiongezewe mpaka amalize. Malipo ya kwanza yasipungue ulichonunulia kifaa. Kwa mfano wetu, asiyetoa 95,000 hachukui seti ya 120,000. Akikimbia amekimbia na faida, mtaji umebaki. Msimamo huu utawapoteza wateja, najua. Waache waende. Na kila kitu kiandikwe, fundi aweke sahihi, malipo yapite kwenye simu ili yaache kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Sema ukweli wa ubora. Beba daraja mbili, ya bei nafuu na ya kazi ngumu, na mwambie fundi wazi: hii ni ya kazi ndogo ndogo, usiivutie bomba. Nzuri ipe dhamana yako mwenyewe, hata ya miezi mitatu, ila kwanza kubaliana na unayemnunulia jumla kwamba atapokea zilizovunjika. Asipokubali, jua dhamana hiyo unailipa wewe, uiweke kwenye bei.

MAKARATASI USIYADHARAU

Mombo iko Wilaya ya Korogwe. Lushoto ina halmashauri yake, na Bumbuli ina yake. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa wiki unaweza kukupitisha kwenye halmashauri tatu. Nenda kwa afisa biashara kabla hujaanza, uliza leseni na ushuru wa magulio. Swali ni bure.

Na usijidanganye na kitambulisho cha mjasiriamali. Vilipoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, walengwa walikuwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, ni kama 333,000 kwa mwezi. Seti tatu za 120,000 ni 360,000, umeshavuka. Biashara hii ni ya leseni na TRA, jipange hivyo kuanzia siku ya kwanza.

GARI LINUNULIWE LINI?

Kwangu mimi, siku ambayo pikipiki imezidiwa na oda zilizolipiwa. Narudia, zilizolipiwa. Ukiwa na vijiwe vinavyokununulia mwaka mzima, kipindi cha mboga na kipindi cha ukame wa hela, na daftari linaonyesha mtaji unakua bila kuhesabu madeni, hapo kirikuu ina kazi ya kufanya. Kabla ya hapo, gari ni mteja wa kwanza anayekula bila kulipa.

Nyie mnaouza vifaa Soni, Mlalo, Bumbuli na kwingineko, nawakaribisha. Deni gani limewahi kurudi, na mlitumia njia gani? Mgosi mwenye uzoefu tofauti na huu niliouandika aje atubishie, vijana wapate kusikia pande zote kabla hawajatoa hela mfukoni.