MIFUGO YA NYUMBANI: Paka Anayejikamua

Katika nyumba nyingi paka ndiye mlinzi wa ghala, lakini mlinzi huyu hana desturi ya kulalamika. Akiugua hujitenga nyuma ya magunia au chini ya kitanda, na wenye nyumba huenda wasitambue mpaka hali imekuwa mbaya. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Basi yampasa mwenye paka ayatafute maradhi hayo mwenyewe, na mahali pa kuanzia ni pale paka aendapo haja.

Paka mzima huenda haja kubwa yapata mara moja kwa siku, na mavi yake huwa na unyevu kidogo. Akifunga choo, mavi huwa madogo, makavu na magumu, au hayaonekani kabisa. Huchutama kwa muda mrefu, hulia, kisha huondoka bila kitu. Baadaye huweza kuacha chakula na kutapika.

Sababu ni nyingi. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu, kwa hiyo si mnywaji sana wa maji. Alishwapo vyakula vikavu, na bakuli lake likakaa tupu, choo huwa kigumu. Kadhalika mifupa, manyoya anayomeza ajirambapo, uzee, ugonjwa wa figo, na nyonga iliyovunjwa na motokaa huweza kumfungisha choo. Wengine huzuia haja kwa sababu sanduku la mchanga ni chafu.

Ikiwa paka angali mchangamfu na anakula, apewe maji safi katika mabakuli mawili au matatu, na chakula chenye majimaji, kama samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, pamoja na mchuzi wake usiotiwa chumvi wala vitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Kijiko kidogo cha boga lililopondwa huwafaa baadhi yao. Zikipita siku mbili bila choo, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Dawa za wanadamu zisitumiwe hata kidogo. Dawa za kupigia bomba zenye fosfeti huweza kumwua paka. Kumnywesha mafuta kwa nguvu nako ni hatari, maana huweza kuingia mapafuni.

Lakini liko kosa kubwa kuliko hayo yote. Paka dume akionekana anajikamua, wengi husema, “Amefunga choo, atapona kesho.” Huenda si choo, bali ni mkojo uliozibwa. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na chembe ndogo za mawe au ute huweza kuiziba. Dume huyo huenda mchangani mara kwa mara, hujiramba sehemu za siri, hulia, na hutoa matone tu, pengine yenye damu. Sumu ya mkojo hurudi mwilini, naye huweza kufa kwa siku moja au mbili.

Kwa hiyo mchanga utazamwe kila asubuhi: je, umelowa? Ukiwa mkavu, na dume anajikamua, asingojewe hata kesho. Wala tumbo lake lisiminywe, kwa kuwa kibofu huweza kupasuka. Apelekwe kwa daktari saa ile ile, ijapokuwa ni usiku.