Watoto wa Kijijini Wana Kosa Gani?



Juma hili tunaandika kwa uzito wa moyo. Familia moja ya parokia yetu, baba seremala, mama muuguzi na watoto wao watatu, inajiandaa kuhamia kijiji cha mbali kando ya Ziwa Tanganyika, ili iishi huko kama familia ya wamisionari walei. Tulitazamia wasindikizwe kwa sala. Badala yake wanasindikizwa kwa maneno, baada ya Misa na hata katika jumuiya ndogo ndogo, na maneno yote huishia kwenye swali moja: "Wao wameitwa, sawa, lakini watoto wao wana kosa gani?"

Swali hili limevaa vazi la huruma, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kulipinga. Sisi tunalipinga.

Anayeuliza kosa, tayari ameona adhabu. Amekwisha kuamua moyoni kwamba kukulia kijijini ni kutumikia kifungo. Basi naye atujibu: watoto waliozaliwa kijijini humo wana kosa gani? Ni hakimu yupi aliyewahukumu? Miaka yote hii hatujasikia mtu akisimama baada ya Misa kuwalilia. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Shule yenye walimu wachache, ikiwa haimfai mtoto wa mjini, haimfai mtoto yeyote aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Na umbali wa zahanati, unaotajwa kuwa sababu ya muuguzi huyu kubaki, ndio hasa sababu ya yeye kwenda. Ubatizo ni mmoja, ndugu zetu. Hakuna ubatizo wa lami na ubatizo wa vumbi.

Wengine wanasema umisionari ni kazi ya mapadre na watawa, wasio na watoto wa kulea. Hao wafungue Matendo ya Mitume, sura ya 18. Akila na Priskila walikuwa mume na mke, washona mahema, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walimpokea Paulo huko Korintho wakafanya kazi pamoja naye, wakahamia Efeso, wakamfundisha Apolo njia ya Bwana kwa usahihi zaidi, na nyumba yao ikawa mahali pa Kanisa kukusanyika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Ad Gentes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba Kanisa lote ni la kimisionari kwa asili yake. Naye Papa Yohane Paulo II, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, aliwataja Akila na Priskila alipozisifu familia zinazotoa walau sehemu ya maisha yao kwa ajili ya nchi za misioni.

Wala si lazima twende mpaka Korintho. Kando ya ziwa hilo hilo la Tanganyika, huko Karema, alifika mwaka 1889 kijana aitwaye Adrian Atiman. Alikuwa Mwafrika wa Magharibi, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, kisha akasomea utabibu Malta. Hakuwa padre. Alikuwa katekista na tabibu, mume na baba wa familia. Alihudumia wagonjwa wa pwani ile hadi kifo chake mwaka 1956, na mwanawe mmoja akawa padre. Leo nani kati yetu angethubutu kusema kwamba Atiman aliwadhulumu watoto wake kwa kuwalea Karema?

Hatusemi kwamba hofu ni dhambi. Malaria inaua, na huua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Barabara hukatika wakati wa masika. Mzazi asiyefikiri mambo hayo ni mzembe, na uzembe si imani. Lakini familia hii imeyafikiri kuliko wanaoinong'ona. Wamepata kibali cha Askofu wa huko. Wameandaa vyandarua na dawa, wamefuatilia uhamisho wa shule. Wanajifunza pia lugha ya wenyeji, kwa kuwa Kiswahili kinatosha sokoni, lakini msibani mtu hulilia lugha ya mama yake. Hawaendi kuwafadhili watu wa kule kana kwamba ni ombaomba. Wanakwenda kuwa majirani zao, na majirani watawafundisha mengi.

Kwa hiyo tunawaomba wenye huruma waionyeshe kwa matendo. Msituletee nguo zilizochakaa ambazo ninyi wenyewe mnaona haya kuzivaa. Leteni madaftari, vitabu vya kiada, vipimo vya malaria, misumari na vitasa kwa ajili ya karakana ya baba huyu, ambamo vijana watajifunza useremala. Na msilete mara moja tu siku ya kuwaaga. Kila jumuiya ijiandikishe kwa mweka hazina wa parokia kiasi itakachotoa kila mwezi, kwa miaka mitatu watakayokaa huko. Familia hii haiendi kwa niaba yake yenyewe. Inatumwa na parokia hii, nayo parokia inayotuma kisha ikasahau, imewatupa watu wake.

Jumapili ijayo, katika Misa ya pili, tutawabariki na kuwatuma rasmi. Atakayekuja na lile swali la watoto na kosa lao, aje nalo. Ila mkononi ashike daftari la mtoto mmoja wa kule, ambaye hadi leo hakuna aliyemuulizia.

Mungu awabariki nyote. Mama Maria, Malkia wa Mitume, atuombee.