Wito wa dharura wodini: Nani anapima, nani anaitika?

MGONJWA wa Murusagamba, kata ya Wilaya ya Ngara iliyo jirani na mpaka wa Burundi, anapozidiwa usiku, jambo la kwanza linalowasumbua ndugu zake ni usafiri.

Serikali imelitambua tatizo hilo. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kitaifa mfumo wa m-mama, ambapo kwa kupiga namba 115 bila malipo, mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini hutafutiwa gari la kumfikisha kwenye kituo chenye uwezo wa kumhudumia.

Lakini kufika hospitalini ni nusu tu ya safari. Mgonjwa ambaye tayari amelazwa, iwe Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au Biharamulo, hali yake ikibadilika ghafla saa nane usiku, nani atajua? Nani ataitwa? Na akishaitwa, mgonjwa huyo atapona?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na majibu yake si mepesi hata katika nchi tajiri.

Mwaka 1990, Hospitali ya Liverpool mjini Sydney, Australia, ilianzisha timu maalumu ya madaktari na wauguzi wanaokimbilia wodini mara tu muuguzi anapoona dalili za hatari, kabla moyo wa mgonjwa haujasimama. Utaratibu huo ulienea haraka katika nchi nyingi zilizoendelea.

Hata hivyo, mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha hospitali 23 za Australia, 12 zikiwa zimeanzisha timu hizo na 11 zikiendelea kama zamani. Wito wa dharura uliongezeka zaidi ya maradufu katika hospitali zenye timu, lakini idadi ya vifo haikutofautiana kwa kiwango kilichotarajiwa.

Moja ya sababu zilizobainika ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa na dalili za hatari, lakini hakuna aliyeita timu. Wengine hawakuwa wamepimwa kabisa katika saa walizohitaji kupimwa.

Maana yake ni kwamba timu peke yake si dawa. Anayeokoa maisha kwanza ni yule anayepima, na yule anayeita bila kusita.

Kwa Afrika, ukubwa wa tatizo ulidhihirika mwaka 2025, utafiti uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 ulipochapishwa. Kati ya wagonjwa karibu 20,000 waliochunguzwa, mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi.

Takriban asilimia 69 ya wagonjwa hao mahututi walikuwa wakihudumiwa katika wodi za kawaida. Ndani ya siku saba, mmoja kati ya watano alikuwa amefariki dunia, wakati kwa wagonjwa wengine vifo havikufika asilimia tatu.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba miongoni mwa walioshindwa kupumua vizuri, chini ya nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni.

Hapa Tanzania, kuna ushahidi kwamba hatua ndogo zinaweza kuleta mabadiliko. Katika wodi ya wagonjwa mahututi ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, wauguzi walipewa utaratibu rahisi: kupima, kulinganisha na viwango vya hatari, kumjulisha daktari na kuanza tiba ya awali mara moja.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya wagonjwa waliolazwa wakiwa na shinikizo la damu lililoshuka mno vilipungua kutoka asilimia 69 hadi 36. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla, nafuu ya namna hiyo haikuthibitika. Ni somo la kutia moyo, lakini pia la kuonya dhidi ya ahadi kubwa.

Wilaya ya Biharamulo inaijua gharama ya kuchelewa kutambua hatari. Katika mlipuko wa homa ya Marburg uliotangazwa Januari 20, 2025 na kumalizika Machi 13 mwaka huo, wagonjwa 10 walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo. Wote walifariki dunia, wengi wao kabla ugonjwa haujajulikana.

Nchini Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo kutoka Ngara, mlipuko wa ugonjwa huo huo wa mwaka 2024 ulikuwa na wagonjwa 66 waliothibitishwa, na waliofariki walikuwa 15. Milipuko hiyo miwili haifanani, kwani Rwanda ilitumia pia dawa za majaribio. Lakini uangalizi wa karibu wa wagonjwa mahututi ulikuwa sehemu ya mafanikio yake.

Tanzania imejenga. Sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ilielekezwa katika majengo na vifaa vya huduma za dharura na wagonjwa mahututi. Majengo, hata hivyo, hayahesabu pumzi za mgonjwa.

Kinachohitajika katika wodi za pembezoni kinajulikana: kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, mashine ya presha, saa ya kuhesabia pumzi na mapigo, oksijeni isiyokatika, na muuguzi mwenye ruhusa ya kumwamsha daktari bila kuogopa kukaripiwa.

Linabaki jambo moja lisilohitaji mkopo. Kila wito wa dharura uandikwe kwenye daftari: saa dalili ilipoonekana, saa msaada ulipofika, na kama mgonjwa alitoka hospitalini akiwa hai. Daftari hilo lisomwe kila mwezi mbele ya mganga mfawidhi.

Bila hesabu hiyo, hakuna atakayejua kama mgonjwa aliyesafirishwa usiku kucha kutoka Murusagamba alifia mikononi mwa ugonjwa, au mikononi mwa ukimya wa wodi.