Nyumba Ikivunjwa, Wapangaji Waende Wapi?



Pengine nawe umeiona ile picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nyumba ya ghorofa mbili hapa Mji wa Kale, Mombasa, roshani ya mbao imeinama upande mmoja, na kando yake mchoro wa fleti za kupangisha. Ghorofa nane. Tangu picha itoke, mtaa umegawanyika. Wazee wanasema historia yetu inauzwa. Vijana wanasema historia hailipi kodi, na wamechoka kuoa halafu kuhamia Kisauni kwa sababu huku chumba hakipatikani.

Nilikuwa kwenye kikao cha barazani, na nitasema wazi: pande zote mbili ziliniudhi. Tulibishana masaa mawili juu ya roshani na mlango wa nakshi. Muda wote huo hakuna aliyemtaja mama wa chumba cha chini anayepika mahamri, wala fundi cherehani wa pale mlangoni. Hao ndio wanaoishi na kutafuta riziki ndani ya nyumba hiyo leo. Mmoja wao alikuwa amekaa pale pale, kimya, anasikiliza sisi tukiamua maisha yake.

Kwanza, nyumba ni ya nani? Aliyeijenga alifariki zamani. Warithi ni wengi, wengine wako hapa, wengine Oman, wengine Uingereza. Mmoja wao ndiye aliyemleta mwekezaji. Wenzake wamekubali? Dada zao wamepewa fungu lao, ama ni yale yale tunayoyajua, mirathi haikugawanywa miaka na miaka, kisha kaka mkubwa anatia sahihi kwa niaba ya wote? Mahakama za Kadhi zimetajwa kwenye Katiba, kifungu cha 170, na mirathi ni katika kazi zake. Na ikiwa nyumba ni wakfu, hapo mazungumzo yanageuka kabisa, kwa sababu wakfu si mali ya mtu kuuza atakavyo, na kuna Tume ya Wakfu ya kuulizwa. Haya hayajulikani kwa kubishana. Nenda ofisi ya ardhi ufanye search.

Sasa niwatetee wenye nyumba kidogo, maana barazani walisemwa vibaya. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likivuja na lisizibwe, maji yanaingia ukutani, chokaa inalegea, boriti zinaoza. Ukiziba kwa simiti ndio umeharibu zaidi, unyevu unafungiwa ndani. Mafundi wanaojua chokaa wamebaki wachache na kazi yao si rahisi. Kumwambia mtu “hifadhi turathi” na wewe huchangii hata shilingi ni dhuluma ya aina yake. Kifungu cha 40 kinamlinda kwenye mali yake kama kinavyokulinda wewe.

Vijana nao wana haki. Kifungu cha 43 kinataja makazi ya kufaa. Lakini kijana mwenzangu, umeuliza hizo fleti zitapangishwa kwa pesa ngapi? Barazani nilimuuliza mtu wa mwekezaji mara mbili. Alijibu kuhusu lifti.

Na maji? Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji chake yenyewe. Tunategemea Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Unajua mwenyewe mfereji unavyokauka siku kadhaa, na mikokoteni ya mitungi inavyopita. Nyumba ya familia tano ikiwa fleti za familia thelathini, zitakunywa nini? Choo chao kitakwenda shimo gani? Moto ukitokea ghorofa ya saba, gari la zimamoto litapita kichochoro kipi, na pikipiki zenyewe zinapishana kwa taabu? Jirani aliyeegemeana nao ukuta, ukuta wa chokaa vilevile, msingi ukichimbwa itakuwaje? Maswali haya yana majibu ya kiinjinia. Basi tuonyeshwe karatasi.

Maana karatasi zinatakiwa ziwepo. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Mbali na idhini ya kaunti, iko ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale chini ya Makumbusho ya Taifa, nayo lazima ihusishwe. Wapo NEMA, ambao hupokea maoni ya wananchi kuhusu athari za mradi. Wakitoa leseni na hukuridhika, unaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Mazingira ndani ya siku 60. Siku 60, si mpaka fleti ifike ghorofa ya nne ndio tuanze kuandika “inna lillahi” Facebook. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Andika barua, wagongee muhuri nakala yako, uiweke.

Turudi kwa mama wa mahamri. Kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Cap 296, inamhusu, na hawezi kutolewa kwa kugongewa mlango usiku na kuambiwa mwisho wa mwezi. Fundi cherehani hana mkataba wa maandishi. Watu walimwambia hana haki, na ni kinyume: Cap 301 inawalinda hasa wenye maduka kama yeye, na inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 2. Akiipinga, aende kwenye baraza la kodi za biashara kabla muda haujaisha.

Binafsi ningependa nyumba itengenezwe, urefu ubaki ulivyo, ndani igawanywe vyumba vya kupangisha, na wapangaji wa sasa wawe wa kwanza kurudi. Warithi watapata kodi. Haitakuwa pesa ya ghorofa nane, nakubali. Kama una hesabu bora, ilete.

Kikao kingine ni Ijumaa baada ya Isha, palepale barazani. Safari hii fundi cherehani atazungumza wa kwanza, tumeshaongea naye. Wanaoweza kuchangia pesa ya search waje mapema. Na dada zetu, mtandikiwe mikeka huku mbele. Zamu iliyopita mlisimama dirishani mkisikiliza nusu ya maneno, na nyumba nyingi katika hizi mnazirithi nyinyi pia.