Wanaoitukana UPE

Nimechoka kusikia kwamba Wizara ya Elimu ndiyo iliyoua elimu ya nchi hii kwa kuleta UPE. Wanaosema zaidi ni watu waliosomeshwa na UPE hiyo hiyo. Hata jina wameligeuza kejeli: Ualimu Pasipo Elimu.

Niliajiriwa na Wizara hiyo mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Siitetei kwa ajili ya pensheni, maana pensheni ya mwalimu msomaji anaijua.

Hebu waseme, njia nyingine ilikuwa ipi? Mwaka 1961 watoto wa shule za msingi Tanganyika nzima hawakufika nusu milioni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977, si 1989 kama ilivyopangwa awali. Vyuo vya ualimu visingeweza kamwe kutoa walimu wa kutosha kwa miaka mitatu. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Asubuhi walifundisha, mchana walifundishwa, kwa redio na kwa masomo ya posta, na mwishoni wakaenda chuoni kwa majuma machache. Niliwasimamia vijana hao. Alikuwapo asiyejua kugawanya desimali. Tulikaa naye chini ya mwembe jioni baada ya jioni mpaka akajua. Walikuwapo pia waliofundisha kusoma vizuri kutushinda sisi tuliotoka chuoni, kwa kuwa walikuwa bado wanakumbuka kutojua kulivyo.

Madarasa yalifurika na vitabu vikaadimika, sikatai. Lakini anayeilaumu Wizara kwa hayo na ataje pia vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na masharti ya wakopeshaji. Ada iliyokuwa imefutwa mwaka 1973 ilirudi kwa jina la mchango mwaka 1984. Ilipofutwa tena 2001 watoto wakamiminika, na Serikali ikarudia dawa ile ile, mafunzo ya haraka. Wakosoaji wetu hawakuwa na nyingine.

Na ni walimu hao hao walioendesha kisomo cha watu wazima. Nilipokuwa nikifundisha mwaka 1976, barua ikifika kijijini ilitafutiwa msomaji nyumba kwa nyumba. Miaka kumi baadaye akina mama walizisoma wenyewe barua za waume zao walio mjini, na wengine walizirudia mara ya pili kutafuta uongo.